Hazina ya Serikali na Mtoto Mwenye Ulemavu: Habari za Temeke na Kinondoni

Shule ya kwanza ya watoto wasioona katika Tanganyika haikufunguliwa na Serikali. Ilifunguliwa na Kanisa la Anglikana huko Buigiri, karibu na Dodoma, katika mwaka wa 1950, nchi ilipokuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa na utawala wa Waingereza. Nyingine zikafuata kwa mkono wa namna ile ile: Furaha huko Tabora, Irente katika milima ya Usambara, na katika mwaka wa 1963 shule ya viziwi ya Tabora, iliyoanzishwa na Kanisa Katoliki. Dar es Salaam, mji wenye ikulu, bandari na Hazina, ulikaa bila shule ya namna hiyo mpaka uhuru ulipokwisha kupatikana. Yeyote atakaye kujua kwa nini leo mzazi wa Mbagala au wa Bunju hulipa kwa mkono wake sehemu kubwa ya gharama za mtoto mwenye ulemavu, ingawa elimu yaitwa ya bure, hana budi kuanzia Buigiri, maana mzigo huu uligawanywa kabla mji wenyewe haujaingia katika habari hii.

Utawala wa kikoloni haukuwa na desturi ya kujenga shule mahali ambapo misheni ingeweza kujenga. Baada ya Tume ya Phelps-Stokes kupita Afrika Mashariki katika mwaka wa 1924, London ilitangaza mwaka uliofuata kwamba serikali za makoloni zishirikiane na misheni katika elimu, na Tanganyika ikatunga sheria yake katika mwaka wa 1927. Misheni zilizotimiza masharti zilipewa ruzuku. Masharti hayo yalihusu walimu wenye vyeti, mafunzo yaliyokubaliwa na ripoti ya mkaguzi. Kwa darasa la kawaida utaratibu huo ulifaa. Kwa darasa la mtoto asiyeona ulikuwa kama nguo iliyokatwa kwa kipimo cha mtu mwingine: mwalimu mmoja aliyewafundisha watoto wachache kusoma kwa ncha za vidole hangeweza kuonekana katika hesabu ila kuwa ghali kuliko mwenziwe aliyesimama mbele ya watoto arobaini. Katika mwaka ule ule wa 1950 kiliundwa huko Uingereza chama cha kuwasaidia wasioona wa makoloni, kikiongozwa na John Wilson, ambaye mwenyewe alipoteza macho angali mtoto. Kilifanya kazi kubwa, na kazi yake ingali ikiendelea kwa jina jingine. Lakini kilikuwa chama cha hisani, kikiishi kwa michango. Hivyo mtoto mlemavu aliingia katika elimu ya nchi hii kwa mlango wa sadaka, na Serikali ikaukuta mlango huo umekwisha kufunguliwa.

Uhuru ulibadili jambo moja kubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 walimu wa shule za Serikali na wa shule za mashirika waliwekwa katika utumishi mmoja, na mishahara yao ikatoka katika sanduku moja. Tangu hapo Serikali ilikuwa mlipaji wa mwalimu, hata katika shule iliyojengwa na kanisa. Sheria ya Elimu ya mwaka wa 1969 iliposhika shule za misheni na kuzifanya mali ya umma, shule kadhaa za walemavu ziliendelea kuwa na mkono wa makanisa yaliyozianzisha: mwalimu wa Serikali, nyumba ya kanisa, godoro la mfadhili. Mgawanyo huu haukuandikwa katika sheria yoyote, nao umedumu kuliko sheria nyingi zilizoandikwa.

Dar es Salaam ilijiunga katika mwaka wa 1966, pale watoto wasioona walipoanza kusomeshwa pamoja na wanaoona katika shule ya Uhuru Mchanganyiko, Ilala. Jambo hilo lastahili kukumbukwa, kwa kuwa lilifanyika takriban miaka thelathini kabla ya mkutano wa Salamanca, Hispania, wa mwaka wa 1994, ambao ulimwengu huutaja kuwa ndio chimbuko la elimu jumuishi. Neno mchanganyiko katika majina ya shule aghalabu huwa na maana ya wavulana kwa wasichana. Hapo Ilala likapata maana ya pili, na lau wataalamu wangelitazama vizuri wasingalihangaika baadaye kutafuta neno jingine.

Mwaka mmoja baadaye, 1967, Jeshi la Wokovu lilifungua shule ya Matumaini huko Mgulani, kando ya Barabara ya Kilwa katika upande wa Temeke, kwa ajili ya watoto wenye ulemavu wa viungo. Wengi wao walikuwa wamepooza kwa polio. Mwaka huo ni mwaka wa kusimama kidogo, maana ndio mwaka wa Azimio la Arusha. Azimio, lililotangazwa mwezi wa Februari, lilisisitiza kwamba kila mtu hana budi kufanya kazi na kuishi kwa jasho lake, likatenga watu wachache wanaostahili kutunzwa na wenzao: watoto wadogo, wazee, vilema, na wale ambao Dola haijaweza kuwapatia kazi. Nia ilikuwa njema bila shaka. Ilikuwa kuwalinda wanyonge katika nchi iliyokuwa ikiwakaripia wavivu. Lakini mwezi uliofuata Mwalimu Nyerere alitoa andiko la Elimu ya Kujitegemea, na hapo ndipo penye mkato. Ikiwa elimu ni ya kumfanya mtu ajitegemee, na ikiwa kilema amekwisha kuwekwa katika kundi la wategemezi, basi fedha yake itafutwe katika fungu lipi, la elimu au la matunzo?

Swali hilo halikuulizwa kwa sauti, lakini lilijibiwa kwa vitendo. Watoto wa Mgulani waliendelea kusoma, mwalimu akalipwa kutoka fungu la elimu, na kila kitu kingine kikahesabiwa kuwa matunzo: chakula, gongo la kutembelea, kigari cha magurudumu, safari ya kwenda na kurudi. Mtoto asiyekuwa na ulemavu alihitaji mwalimu na daftari. Vikipatikana hivyo, amesoma. Mwenzake wa Mgulani hakuweza kumfikia mwalimu huyo bila gongo, na gongo halikuwa elimu.

Lugha yenyewe ilisaidia katika kosa hilo. Kiswahili kilimweka kipofu, kiziwi, kilema na kiwete katika umbo la ki- na vi-, umbo la vitu na la udogo, ijapokuwa kitenzi kiliendelea kumpa heshima ya mtu: kipofu amekuja, wala si kimekuja.  Sheria mbili za mwaka wa 1982, moja ya ajira na nyingine ya matunzo, zilitumia jina la walemavu, na hilo lilikuwa hatua. Lakini sheria ya matunzo iliweka wajibu juu ya jamaa wa mlemavu, serikali za mitaa, Serikali Kuu na mashirika ya hiari kwa pamoja, na mzigo uliopewa wengi kwa pamoja huishia kwa aliye karibu. Aliye karibu ni mama.

Kati ya mwaka wa 1967 na huo wa 1982 yalipita mambo mawili yaliyokwenda kinyume. Azimio la Musoma la mwaka wa 1974 liliamuru elimu ya msingi kwa watoto wote ifikapo Novemba 1977, na Sheria ya Elimu ya mwaka wa 1978 ikafanya kuandikishwa kwa mtoto wa miaka saba kuwa lazima. Katika neno wote, mtoto mlemavu alikuwamo. Katika mwaka wa 1974 Buguruni ilipata shule ya viziwi kwa juhudi za chama kilichoundwa kwa ajili yao. Chuo cha Ualimu cha Tabora, na baadaye Patandi huko Arusha, vikaanza kutoa walimu wa elimu maalumu. Sweden, iliyokuwa mfadhili mkubwa wa elimu ya Tanzania katika miaka hiyo, ilitoa fedha nyingi kwa kazi hii. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Uhuru Mchanganyiko ikafungua pia darasa la watoto wenye ulemavu wa akili, ambao mpaka hapo walikuwa hawana pa kwenda. Jambo la pili lilikuwa ufukara wa nchi. Bei ya mafuta, vita vya Kagera vya mwaka wa 1978 na 1979, na kuporomoka kwa bei za mazao viliikausha Hazina. Serikali iliyoahidi shule kwa wote ilikosa chaki. Katika hali hiyo karatasi nzito ya kuandikia maandishi ya nukta nundu, ambayo haiwezi kubadilishwa na karatasi ya kawaida, ilikuwa anasa, na mashine ya Perkins iliyoharibika ilikaa kabatini ikingojea kipuri kutoka ng'ambo. Mfadhili alipoondoka, kabati likabaki.

Wakati huo mji ulikuwa ukitembea. Hapa ndipo Temeke na Kinondoni zinapokuwa kiini cha habari. Baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza walipima na kujenga Ilala, Magomeni na Temeke kuwa makazi ya wafanyakazi wa Kiafrika, na katika mwaka wa 1957 mji wote haukufika watu 130,000. Katika hesabu ya mwaka wa 1967 walikuwa kama 273,000. Uhuru Mchanganyiko, Mgulani na Buguruni ziliwekwa mahali pazuri kwa mji wa ukubwa huo. Mtu wa Keko angeweza kumbeba mwanawe mgongoni hadi Mgulani na kurudi kabla jua halijawa kali. Hesabu ya mwaka wa 2012 iliikuta Wilaya ya Temeke peke yake ina watu 1,368,881, mara tano ya mji mzima wa 1967, na Kinondoni 1,775,049. Watu hao hawakuongezeka Keko na Magomeni. Waliongezeka Mbagala, Chamazi, Tegeta, Bunju na Goba, mahali ambapo kiwanja kilipatikana kwa bei nafuu na barabara ilifika baadaye, kama ilifika. Shule zile kongwe zilibaki karibu na kitovu cha mji, na watoto wakasukumwa pembezoni.

Zilizaliwa shule na vitengo vipya, hapana budi kulisema. Temeke ilipata Mtoni Maalum, Kinondoni ikapata Sinza Maalum, na shule nyingine za kawaida zikafungua darasa moja au mawili ya watoto wenye ulemavu wa akili au viziwi. Manispaa tatu za Dar es Salaam zilipoundwa katika mwaka wa 2000, shule hizi ziliwekwa chini yao. Mishahara ilitoka Serikali Kuu, lakini madawati, vyoo na ukarabati vilitegemea halmashauri na TAMISEMI, huku Wizara ya Elimu ikitunga sera. Ubungo ilipokatwa kutoka Kinondoni katika mwaka wa 2016, Sinza Maalum ilihama halmashauri bila kuhama kiwanja, na mwalimu mkuu akawa na ofisi nyingine ya kupeleka barua zake.

Tena watoto wenyewe walikuwa wamebadilika, na jambo hili halisemwi sana. Polio ilikwisha. Mgonjwa wa mwisho Tanzania alionekana katika mwaka wa 1996, na mwaka wa 2015 nchi ikathibitishwa kuwa huru nayo. Mtoto wa polio wa miaka ya 1960 aliweza, akipata magongo na vyuma vya miguu, kujiendea mwenyewe. Wengi wao walimaliza masomo wakawa mafundi, makarani na walimu. Badala yake wamekuja watoto wenye mtindio wa ubongo na mgongo wazi, ambao zamani aghalabu walikufa wachanga, na ambao leo huishi kwa sababu hospitali zimekuwa bora. Hao wengi wao hawawezi kwenda peke yao. Panahitajika mtu wa kuwapandisha basi, kuwashusha, kuwapeleka chooni, kuwalisha. Mafanikio ya tiba yaliongeza gharama za elimu, na fungu la elimu halikuambiwa.

Katika mwaka wa 2002 ulianza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ada ikiwa imekwisha kufutwa, na ruzuku ya kila mwanafunzi ikawekwa kuwa dola 10 za Kimarekani kwa mwaka, ambazo baadaye zilihesabiwa kuwa shilingi 10,000. Waraka wa mwaka wa 2015 uliorudisha elimu bila malipo uliendelea na kiasi hicho hicho: shilingi 6,000 zipelekwe moja kwa moja shuleni, na 4,000 zibaki kwa ajili ya vitabu. Kwa shule za bweni, zikiwamo za wanafunzi wenye mahitaji maalumu, pana fedha ya chakula pia. Ni sawa kusema kwamba haijapata kutokea tangu 1961 Serikali kupeleka fedha shuleni kwa mpangilio wa namna hii, mwezi kwa mwezi, na walimu wakuu wanaokumbuka miaka ya nyuma hawaubezi.

Lakini ruzuku hiyo hufuata kichwa, kama ile ya mwaka wa 1927 ilivyofuata cheti. Na hapo hesabu ndogo yafaa ifanywe. Mtoto wa Mbagala anasoma katika kitengo kilicho mbali, hajiwezi kusafiri, na mama anamsindikiza. Kabla ya nauli kupandishwa katika mwaka wa 2022, safari fupi ya daladala ilikuwa shilingi 400 kwa mtu mzima na 200 kwa mwanafunzi. Mama huenda na mtoto asubuhi, hurudi peke yake, huenda tena mchana peke yake, hurudi na mtoto: safari nne za mtu mzima na mbili za mwanafunzi, jumla shilingi 2,000 kwa siku, ikiwa safari nzima ni ya basi moja tu. Zile shilingi 6,000 zinazofika shuleni kwa ajili ya mtoto huyo kwa mwaka mzima ni sawa na nauli yake ya siku tatu. Mwaka wa shule una siku zipatazo 194.

Wala hesabu hiyo haikutia gharama kubwa zaidi, nayo ni siku ya mama. Anayesindikiza mara mbili kwa siku hawezi kukaa gengeni, hawezi kufua nguo za watu, hawezi kuajiriwa. Tena daladala zina desturi zake. Zilipewa jina na sarafu ya shilingi tano, dala, iliyokuwa nauli yake katika miaka ya 1980, na mpaka leo huendeshwa kwa hesabu ya kiti na dakika. Mwanafunzi hulipa nauli ndogo, hivyo kondakta humkwepa. Mwanafunzi mwenye kigari hulipa nauli hiyo ndogo na kuchukua nafasi ya wawili, hivyo humkwepa zaidi. Mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza mwaka wa 2016 kwa njia ya Kimara na matawi yake, yana vituo vilivyo sawasawa na sakafu ya basi, na kigari huingia bila kunyanyuliwa. Kwa aliye Kimara au Magomeni hiyo ni rehema. Kufika kituoni kutoka kwenye uchochoro wenye mchanga ni habari nyingine.

Wako wanaojibu kwamba dawa ni bweni. Bweni limeokoa watoto wengi, na Uhuru Mchanganyiko, Matumaini na Buguruni zisingalikuwa na sifa zilizo nazo pasipo mabweni yao. Lakini bweni humwondoa mtoto wa miaka saba kwa mama yake kwa kuwa hapana basi, na hiyo ni sababu dhaifu ya kuwatenga. Tena bweni ndipo mahali ambapo sadaka ya mwaka wa 1950 ingali hai kabisa. Kila Ramadhani na kila Krismasi huja wageni na magunia ya mchele, madumu ya mafuta, sabuni na wapiga picha. Watoto huimba. Hakuna ubaya katika mchele, na mkuu wa shule aliyekwisha kungoja fedha ya chakula hata ghala likabaki na mahindi ya siku mbili hataukataa. Linalostahili kuangaliwa ni kwamba hakuna mtu apelekaye mchele kwa hisani katika ofisi ya Serikali. Mahali pa hisani ni pale ambapo wajibu haujakubaliwa.

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka wa 2010, iliyofuata kuridhiwa kwa Mkataba wa Umoja wa Mataifa katika mwaka wa 2009, ilikubali wajibu huo kwa maneno. Iliacha kusema walemavu ikasema watu wenye ulemavu, ikaweka elimu kuwa haki, ikaunda hata mfuko wa taifa kwa ajili yao. Mikakati ya elimu jumuishi ilifuata, wa kwanza ukianza mwaka wa 2009 na mwingine ukianzia mwaka wa fedha wa 2021/22. Wazo lake ni zuri na ni la zamani, kama Ilala ya mwaka wa 1966 ionyeshavyo: badala ya mtoto kwenda kuitafuta shule yake mjini, shule iliyo mtaani mwake imfungulie. Chamazi ikiwa na darasa, mwalimu wa Patandi na choo chenye mlango mpana, nauli ile ya shilingi 2,000 hutoweka, na mama hurudi gengeni. Lakini darasa hilo hugharimu kuliko shilingi 6,000 kwa kichwa, nalo hugharimu mwanzoni, kabla ya mtoto yeyote kuandikishwa. Ruzuku huhesabu walioandikishwa. Mtoto aliye nyumbani kwa sababu darasa halipo hahesabiwi. Na kwa kuwa hahesabiwi, hapana fedha ya kulijenga darasa.

Kwa hiyo wako wazazi waliokata shauri wenyewe. Wameacha nyumba zao za Mbagala au Bunju, ambazo walizijenga tofali kwa tofali kwa muda wa miaka kumi, wakazipangisha, nao wakaenda kupanga chumba kimoja karibu na shule, Mtoni, Sinza au Ilala, ili mama aweze kumsukuma mtoto kwa kigari asubuhi na kuwahi kurudi kwenye meza yake ya vitumbua. Kodi ya chumba hicho hulipwa kila mwezi, hata wakati wa likizo, wala haimo katika kitabu chochote cha hesabu za elimu.